Faili Zilizofutwa Baada ya Kutumwa

Nilirudi mjini Baraka kutoka kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, nikiwa na diploma ya kompyuta niliyojilipia kwa kutengeneza redio za watu. Mjomba hakunisaidia, wala mfadhili. Vita ilikuwa bado inaendelea upande wa Lulimba, lakini mjini mimi ndiye niliyejua kuweka tovuti hewani, na sikuficha.

Chama cha akina mama kilikuwa na orodha ya watu waliopotezana wakati wa kukimbia. Nikaitengenezea kurasa, zenye majina na picha, ili hata waliobaki kambini wazione. Nilimfundisha karani wao, mama aliyekuwa akimtafuta mdogo wake tangu vita ya kwanza. Darasani tulijifunza maneno mengi ya kazi hii: kupakia, kupandisha, kunakili. Mimi nikaamua kumrahisishia.

"Mama, bonyeza hapa. Tunatuma faili kwenye seva, mashine kubwa iliyo mbali."

Kesho yake nikakuta kompyuta tupu.

"Mama, faili ziko wapi?"

"Si ulisema tunatuma? Muzigo ikishapanda boti, we unabakia kuichunga ku mwambao? Nilifuta yote."

Tukafungua tovuti. Kurasa mbili tu. Mtandao ulikuwa umekatika kabla nyingine hazijafika. Ukurasa wa mdogo wake haukuwamo. Mwenye diploma nikafuta macho kwa mkono wa shati.

"Usilie, papa diplome," akasema. "Mashine yako niliiamini, lakini hapana sana."

Akafungua kitenge chake, akatoa madaftari matatu na bahasha ya picha.

Tuliandika upya wiki nzima, yeye akisoma, mimi nikipiga herufi. Sasa nilisema kunakili: nakala inakwenda kwenye seva, yetu inabaki. Tangu hapo nimefundisha wengi, na ninafundisha vizuri, hilo nalisema wazi. Lakini maana ya neno kunakili nilifundishwa na mama yule, na ninamshukuru mpaka leo.

Ukurasa wa mdogo wake tuliuweka wa mwisho. Kidole cha mama kikasimama juu ya kitufe.

"Tunanakili?"

"Tunanakili, mama."

"Na yetu inabakia?"

"Inabaki."

Akabonyeza. Tukaufungua ukurasa kwenye tovuti kuhakikisha. Picha ilishuka polepole: paji la uso, macho, kidevu.

"Ni yeye," akasema, kisha akafungua faili yetu kwenye kompyuta. "Na huku pia iko."