Almasi ya Nywele za Mama Mkwe

Jamani, msinicheke, au basi chekeni tu, maana Buguruni nzima imeshacheka na mimi ukweni siku hizi napita njia za nyuma.

Mimi nauza rasta, zile nywele za bandia za kusukia, na mawigi Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mwaka wa tisa huu (likumbukeni hilo, litanirudia usoni). Sasa mke wangu Mwanaidi alikuwa ananisimanga kwamba tangu ndoa hajaona kito hata cha kuokota, nami siku moja nikakutana kwenye simu na video ya kiwanda huko nje kinachotengeneza almasi kwa nywele za mtu umpendaye: wanazichoma mpaka ibaki kaboni tupu, wanaiweka na kipunje cha almasi kama mbegu, halafu mashine inagandamiza kwa joto la kuyeyusha chuma, baada ya wiki kadhaa jiwe limekua, almasi kabisa, ila haikuchimbwa. Nikasema hapa hapa! Nywele za mama yake, Bi Tatu, maana Mwanaidi kwa mama yake haambiwi kitu. Kumwomba? Aa, haitakuwa sapraizi. Nikaamua niibe kidogo tu.

Jumapili, ukweni, tumeshakula, Bi Tatu kajilaza mkekani, usingizi umemchukua, ushungi umeteleza, na kasuka kamoja kamejitokeza pembeni, keusi, karefu, kamenona. Nikatoa mkasi wa dukani. Kacha! Nageuka, kaka yake, Mjomba Shomari, huyu hapa mlangoni na kopo lake la kutawadhia.

"We Hamisi! Mkasi kichwani kwa mkweo?"

Na nyie wenyewe mnajua nywele za mtu zikichukuliwa kwa siri zinaendaga wapi. Dakika haikupita, mjomba kaninyang'anya nywele, majirani wamejaa sebuleni, Bi Tatu kakurupuka kashika kichwa, Mwanaidi analia. Mimi badala ya kunyamaza nikaanza kuelimisha.

"Mjomba, nilikuwa nazipeleka nje ya nchi."

"Kumbe mganga wako wa nje!"

"Si mganga, ni wataalamu. Wanazichoma tu..."

"Wanamchoma!"

"...halafu wanazigandamiza mpaka zinakuwa jiwe."

"Yarabi! Dada yangu awe jiwe!"

Kila nikifafanua nazidi kuzama (nikataja mpaka ile mbegu, mama mmoja akatoka mbio na mtoto wake). Mwanaidi akafuta machozi, akanitazama vile hajawahi kunitazama. "Kama mama yangu ndiye wa kutolewa kafara ili duka lako lijae, nipe talaka yangu leo leo." Hapo nikaacha kuelimisha, wallahi, maana yule mwanamke nampenda.

Bi Tatu akanyoosha mkono. "Hebu nizione." Akazigeuzageuza, akashusha pumzi. "Shomari, mwache mtoto wa watu. Hizi si nywele zangu."

Mjomba akasogea kuzitazama.

"Ni rasta. Zangu zilishanyonyoka zamani, zimebaki chache za kushikizia. Nimenunua Kongo, duka linalotazamana na lake. Ningeendaje kwake, mkwe ajue kichwa changu kikoje?"

Haya, mama wa watu kajianika mbele ya majirani ili mimi nisiachwe, na mimi, muuza rasta wa miaka tisa, nimeshindwa kuijua rasta! Mjomba hakuamini, akaichoma kwa kiberiti (ndivyo hata sisi tunavyowapimia wateja, nywele halisi inakuwa majivu, rasta inayeyuka), ikajikunja, ikaganda kidonge cheusi, kigumu. Kilipopoa akakiweka kiganjani kwa Mwanaidi.

"Haya mwanangu, almasi yako hiyo."

Watu mbavu hawana. Mwanaidi naye akacheka huku analia, talaka ikaishia hapo. Bi Tatu peke yake hakucheka, alikuwa anafunga ushungi wake, anaukaza.

Kile kidonge Mwanaidi kakihifadhi kwenye kikopo cha wanja, nikianza kujifanya najua anakitoa, anakiweka mezani. Nami kila mwezi nampelekea Bi Tatu rasta, zile nzuri kuliko zote, kwenye mfuko mweusi, naziacha mlangoni naondoka, na hatujawahi kulizungumza. Na mkasi, jamani, tangu siku ile sivuki nao mlango wa duka.