Friza ya Ebenyo

Kakuma, kila chombo cha umeme kinachotoa baridi huitwa friza. Katika chuo cha ufundi, Lodwar, nilifundishwa kutofautisha: friji hupoza, friza hugandisha. Tofauti hiyo niliijua kuliko mtu yeyote dukani kwa Ebenyo siku niliyoitwa kuitengeneza friza yake ya barafu na soda.

Spéciose, mshonaji kutoka Burundi, alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka hilo kwa mwaka wa sita. Binti yake, Josiane, mwenye miaka tisa, alikuwa na kisukari. Aliishi kwa sindano za insulini, asubuhi na jioni. Mama mtu alizihifadhi chupa za dawa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa. Mwezi ule joto lilipozidi, hakukiamini tena.

“Dada, hii mashine iko inagandisha kweli?” aliniuliza.

“Inagandisha, mama. Njoo kesho uone barafu.”

Ebenyo alicheka. “Fundi wa Lodwar huyu! Kesho hata jua tutalikata vipande, tuuze.”

“Anza na mdomo yako, baba, ndiyo iko na joto kushinda jua,” Spéciose alimjibu.

Tulicheka sote. Nilikusanya vifaa vyangu, nikarudi Lodwar. Sikumuuliza Spéciose alitaka kuweka nini.

Siku iliyofuata alimwomba Ebenyo nafasi, akazilaza chupa za mwezi mzima chini kabisa, penye barafu. Aliamini kwamba kwetu sisi tunaoungua mwaka mzima, baridi haiwezi kuzidi. Alipohitaji chupa aliiyeyusha kwa viganja vyake, akamdunga mtoto kipimo kilekile cha siku zote. Josiane akaanza kunywa maji bila kutosheka. Akakonda, akatapika. Siku ya tisa mama alimbeba mgongoni hadi zahanati. Kabla ya adhuhuri Josiane alikuwa amefariki.

Niliporudi Kakuma baada ya wiki tatu, Ebenyo alinieleza hayo nje, kwa sauti ya chini. Spéciose alikuwa ameketi penye cherehani, mikono mapajani.

“Dada, weye umesoma baridi. Nilikosea wapi?”

Niliketi kando yake. Nikamweleza kwamba insulini ikiganda hufa, na ikiyeyuka huweza kuonekana safi vilevile.

“Kumbe nilikuwa namdunga maji.”

“Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza, mama.”

Hakunilaumu, wala hakunifariji. Aliinuka, akachana ubavu wa katoni, akanipa pamoja na kalamu ya wino mzito.

“Andika, tubandike kwa friza. Kirundi nitakutajia.”

Niliandika kwa Kiswahili kwamba insulini isiwekwe humu, itaharibika. Kirundi alinitajia herufi moja moja, bila kukosea. Nilipofunika kalamu, alinishika mkono.

“Ongeza: hata ukiiona safi.”

Nikaongeza.