Insha Bora ya Ijumaa

Kila Ijumaa mwalimu wa Kiingereza alifuta miwani kwa ncha ya tai, akachagua insha iliyomgusa na kuwasomea wanafunzi, sauti ikishuka kila alipofikia neno zuri, kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

“Leo ni ya nani, Mwalimu?”

“Si ya Kiprugut! Huyo huandika habari za ng'ombe tu, hata mada ikiwa Krismasi!”

Mwalimu alicheka nao. Ijumaa moja ya mwaka wa hamsini na tatu akasoma ya Gathogo: baba yake alfajiri, gunia la viazi mgongoni, akielekea msitu wa Bahati na kurudi mikono mitupu. Mwalimu alisikia tu jinsi maneno yalivyokaa mahali pake. Darasa liliponyamaza, alidhani ni uzuri wa insha. Jumatatu askari walimchukua baba huyo kwa kuwalisha wapiganaji wa msituni waliowapinga wakoloni.

Gathogo aliendelea kuja, akimwamkia vilevile. Juma lililofuata aliandika juu ya siku moja ufukweni, kando ya bahari ambayo hakuwa ameiona maishani.

“Hii haina shida, Mwalimu?”

Mwalimu aliisoma kimya, mara mbili, kisha akaandika ishirini juu ya ishirini.