Vitabu Visivyo na Tarehe

Chama cha ushirika kilipokufa, baba yangu, aliyekuwa karani wa ghala la alizeti, alirudi nyumbani, kijijini Mwankoko. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao, na hakuna aliyehitaji karani wa chama. Baadaye alikodi chumba mjini Singida, akaweka mashine ya kuchapa, na miaka michache mbele akanunua kompyuta. Mimi, binti yake wa pili, nilipomaliza kidato cha sita nikawa ndiye mchapaji. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi.

Mteja mmoja aliyesoma chuo aliniachia sidii yenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na kitabu chake. Nilijifunza mchana, katikati ya wateja. Watu wakaanza kuniomba niwatengenezee kurasa za kutunza orodha zao: wanakwaya, wanachama wa kikundi, wanafunzi wa chekechea. Kila mara nilijikuta naandika mambo yaleyale: kupokea jina, kulihifadhi, kulitafuta, kulionyesha. Nikaamua kuyaandika mara moja tu, yawe kiunzi ambacho mtu mwingine angejengea kurasa zake bila kuanza sifuri. Viunzi vya ugenini vilikuwepo, lakini vilikuwa vikubwa, na vingi vilitaka intaneti isiyokatika. Yetu ilikatika upepo ukivuma, na Singida upepo hauishi. Changu kilifanya kazi ndani ya kompyuta moja, bila waya wowote kutoka nje.

Kilipokamilika nilikiweka kwenye intaneti, msimbo wote, yaani maagizo niliyoiandikia kompyuta, ukiwa wazi, anayetaka achukue.

"Yaani mtu asiyekujua anachukua kazi yako na kuibadilisha?" baba aliniuliza.

"Ndiyo, baba. Na akirekebisha kitu, ananirudishia na mimi."

Alifikiri kidogo. "Basi huo ni ushirika," akasema. "Angalieni tu msiuue kama tulivyouua sisi."

Miezi mingi hakuna aliyeandika. Kisha ikaja barua pepe ya mistari miwili kutoka kwa mtu wa nchi nisiyoijua, ameona kosa kwenye msimbo na ameambatanisha marekebisho yake. Niliisoma nimesimama. Mtu wa mbali alikuwa ameketi na kuisoma kazi yangu neno kwa neno!

Mtumiaji wangu wa kwanza wa karibu alikuwa mwalimu wa sekondari moja kule Ulemo, wilayani Iramba, mama wa makamo aliyesimamia maktaba yenye kompyuta moja ya msaada. Alikuja mjini kuchapa mitihani, akaona ninachofanya, akaondoka na sidii yenye kiunzi changu. Kwa muda mrefu sikumsikia tena, nikadhani ameshindwa.

Mwaka uliofuata nilitoa toleo jipya. Nilikuwa nimesafisha msimbo na kujisifu moyoni. Nikampelekea nakala kwa basi. Siku ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, vitabu vimepotea."

"Vipi vimepotea?"

"Orodha ni tupu. Nimeingiza vitabu mwaka mzima, kimoja kimoja. Sasa hakuna hata kimoja."

Nililala vibaya, na asubuhi nikapanda gari la kwenda Iramba. Njia nzima nilijiambia nimemharibia mama wa watu kazi ya mwaka.

Nilimkuta maktabani. Hakunigombeza. Aliniwekea kiti, akawasha kompyuta, akasimama nyuma yangu. Haikuchukua muda kuona tatizo. Katika toleo jipya niliamua kila kitu kiwe na tarehe, na kisicho na tarehe kisionyeshwe. Vitabu vyake vilikuwa vya zamani, vimerithiwa kutoka shule nyingine, na hakuna aliyejua vilifika lini. Nafasi ya tarehe aliiacha wazi. Vyote vilikuwa salama ndani, ila mimi ndiye niliyevificha. Nilibadilisha mstari mmoja, orodha ikajaa kioo chote.

Mwalimu alishusha pumzi. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Kwa nini ulibadilisha?"

"Nilitaka msimbo upendeze."

"Upendeze kwa nani?"

Alinipeleka kwake tukala ugali wa mtama na mlenda. Kwa Kinyiramba, lugha ya kwao, alimsimulia mama mkwe wake kilichotokea, na bibi akacheka hadi akafuta machozi. Nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Baada ya chakula mwalimu akatoa daftari. Ndani alikuwa ameandika, kwa Kiswahili na kwa mwandiko wa ubaoni, kila hatua aliyopita kutumia kiunzi changu: bonyeza hapa, ukiona maneno haya usiogope, hapa nilikwama siku mbili. Mimi nilikuwa nimeandika maelezo kurasa mbili tu, kwa Kiingereza kibovu, nikidhani wanaohusika wataelewa.

"Mwalimu, niruhusu niyachape haya yawe mwongozo."

"Kwani yana maana? Nilikuwa najiandikia mwenyewe."

Niliyachapa kama yalivyo, na hata zile siku mbili za kukwama sikuzitoa, kisha nikayaweka kwenye intaneti pamoja na kiunzi. Ndani ya miezi michache barua zikaanza kuja: zahanati moja, parokia moja Manyoni, mwanafunzi wa Bujumbura. Walikuwa wameanza kwa kusoma daftari lile. Wengine walileta taarifa za makosa, wengine marekebisho, na mmoja aliuliza kama anaweza kunisaidia kujibu maswali.

Tangu safari ile sikutoa tena toleo kabla halijakaa wiki mbili kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kazi ikawa ya polepole, na nyingi haikuonekana: kujibu, kusoma msimbo wa wengine, kukataa kwa adabu, kuandika nini kimebadilika na kwa nini. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikaa miezi mitatu bila kugusa kompyuta. Niliporudi nilikuta wale waliokuwa wakiniletea marekebisho wametoa matoleo mawili bila mimi, na yote mawili yanafanya kazi.