Siku Wifi Alipozungumza na Kinu

Ipo siku moja ya mwezi wa Juni, mwanangu, ambayo nitaikumbuka hata nikisahau jina langu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nipo kidato cha pili, nimetoka bwenini Iringa kuja likizo. Pale Ipogolo tulipanda lori, wasichana watatu juu ya magunia. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikaa kimya na daftari langu mapajani. Ndivyo nilivyokuwa. Mwalimu akiniuliza swali, najifanya naokota kalamu. Lakini daftari nililiambia kila kitu, hata yale ambayo mtu hamwambii mama yake.

Kwetu tulikuwa Wanyakyusa tulioteremka kutoka Rungwe kufuata mpunga wa Usangu, tukajenga nyuma ya Chimala. Baba yangu, tuliyemwita Tata, aliteremka na mila zake zote, hakuacha hata moja mlimani. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mke wa mwanawe hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamke anajifunika kitenge na kuingia majanini mpaka mzee apite. Usicheke. Ilikuwa heshima, na heshima ile ilitulea. Lakini hata mwavuli, mwanangu, ukiufungua ndani ya nyumba unazuia mlango.

Mke wa kaka yangu aliitwa Subilaga. Kabla ya kuolewa alikuwa mhudumu wa wodi, kazi ya kufua mashuka na kumwaga ndoo, na macho yake yalisoma wagonjwa kuliko mimi nilivyosoma vitabu. Akiwa na neno kwa Tata, alinipa mimi au mama tulipeleke. Juni ile mama alikuwa msibani Tukuyu. Nilibaki mimi peke yangu.

Kaka Ambakisye ndiye aliyeugua. Sikio lake la kulia lilikuwa linatoa usaha tangu kabla sijafika. Alilizibia pamba, akaendelea kuvuna, na kutania akatania. "Acheni sikio langu," alisema. "Limechoka kusikia maneno ya mke wangu."

"Basi nitahamia la kushoto," Subilaga akamjibu.

Jumatatu homa ikampanda na kichwa kikamshika vibaya. Tata akanunua klorokwini dukani. "Malaria ya mavuno hiyo. Atolewe jasho, apumzike." Jumanne asubuhi Ambakisye alitapika, akaomba dirisha lifunikwe, mwanga unamchoma macho. Subilaga akanivuta jikoni.

"Wifi, nisikilize. Nimemwambia aguse kidevu kifuani, hawezi. Shingo imekaza kama mpini wa jembe. Huu ni ugonjwa wa uti wa mgongo, nimeuona wodini. Kamwambie Tata apelekwe hospitali leo. Leo, umesikia?"

"Nimesikia, wifi."

Nikatoka. Tata alikuwa uwanjani na wazee wawili, wanapiga hesabu ya mvua. Nikasimama. Akaniangalia. "Unataka nini?" Nikasema, "Nimekuja kuchukua ungo." Nikachukua ungo. Nikarudi ndani, nikaandika hivi, ninalo daftari mpaka leo: *Wifi anasema kaka ana ugonjwa wa uti wa mgongo. Nitamwambia Tata wazee wakiondoka.*

Wazee waliondoka. Nikasema nitamwambia akishakula. Alipokula nikasema asije akanikaripia na chakula bado moto tumboni. Aibu, mwanangu, haikosi sababu. Ukiitoa mlangoni inaingia dirishani. Na Subilaga alipouliza, nilimjibu, "Nimemwambia. Amesema anafikiri." Uongo huo niliutunga mimi, msichana wa kwaya. Tangu nizaliwe sijatamka neno lililotugharimu kama lile.

Jumatano asubuhi Ambakisye akaanza kuongea ovyo. Alimwita mkewe jina la dada yetu, akataka kwenda kufukuza ndege shambani na huku mpunga umeshavunwa. Subilaga akanigeukia. "Tata bado anafikiri?"

Nikalia. Hakunipiga. Alijifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, akatoka uwanjani ambako Tata alikuwa amekaa. Mimi nikadhani dunia inapasuka. Akampa Tata mgongo, akainamia kinu kilichokuwa karibu na jiko, akapaza sauti.

"Kinu! Nisikilize wewe, maana sina mwingine wa kumwambia. Mume wangu anakufa humo ndani. Shingo haikunjiki, akili imetoka."

Tata akainuka nusu. Naye hakuweza kumjibu mkwe. Akakitazama kinu. "Kinu, mwambie huyo anayekusemesha kwamba hiyo ni malaria."

"Kinu, mwambie mwenye nyumba malaria haimkazi mtu shingo hivyo."

"Kinu, mwambie nyumba hii ina mwenyewe!"

"Kinu, mwambie nyumba ni yake, lakini mgonjwa ni wangu. Asipompeleka, nambeba mgongoni mwenyewe, na barabara nzima ione."

Kuku walikuwa wanapekua pumba. Ndipo Tata akaniita kwa jina langu, bila kugeuka, "Tupe! Kimbia kwa jirani Msukuma, afunge ng'ombe kwenye mkokoteni."

Nilikimbia, mwanangu, kama mtu anayeweza kuikimbilia jana akairudisha.

Hospitalini, daktari alimwinua shingo mara moja tu, akasema lazima achukue maji kidogo ya uti wa mgongo ayapime. Tata akakataa. "Wanaochomwa sindano ya mgongo nawajua. Hawarudi." Na kweli wengi hawakurudi; lakini walifikishwa siku ya saba wakiwa wameshakwisha, lawama ikaangukia sindano. Maiti hawezi kusema alicheleweshwa.

Subilaga alisimama nje ya mlango, kwa sababu ya ile mila. Tata akanigeukia, sauti imepungua. "Mke wake anasemaje?"

Sikuhitaji kwenda kuuliza. Nikasema, na nikasikia sauti yangu ikigonga ukuta: "Tata, anasema wachome. Na mimi nasema wachome."

Wakachoma. Maji yalitoka na ukungu, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Daktari alieleza kwamba yanatakiwa kuwa maangavu kama ya chemchemi. Ukungu ule ni usaha, na vijidudu vimepenya kutoka kwenye sikio. Wakaanza sindano za penisilini, saa kwa saa.

Ambakisye alipona. Alirudi shambani, akazaa, akazeeka. Lakini aliamka kitandani pale akatuona tunasema, na yeye hasikii tunachosema. Masikio yote mawili, la kulia na la kushoto, yalikuwa yamekufa. Daktari hakuniambia kwamba siku ile moja ndiyo iliyoyaua. Hakuna aliyeniambia. Daktari alisema tu kwamba katika ugonjwa ule kila saa ina thamani yake, nami hesabu hiyo nilijua kuifanya.

Wiki ya pili, nikampa kaka daftari langu, wazi kwenye ukurasa wa Jumanne. Akasoma polepole. Nilitaka ardhi inimeze. Akaomba kalamu, akaandika chini yake: *Nimekusamehe. Ila kuanzia leo masikio yangu ni wewe. Ukinyamaza tena, nimekwisha.*

Hapo ndipo aibu yangu ilipokufa. Sokoni, ofisini, kanisani, nilisema kwa ajili ya mtu mwingine, na anayesema kwa ajili ya mwingine hana nafasi ya kutetemeka. Nikaenda kusomea uuguzi. Nikavaa sare miaka thelathini, Mbeya na Iringa, na ugonjwa ule nikaujua kama jirani mbaya.

Kisha ukaja UKIMWI, na jirani akabadilisha nguo. Zamani, mtu mzima akiugua uti wa mgongo tulitafuta sikio lenye usaha, mapafu yenye kichomi, au watu waliolala wamebanana bwenini. Sasa wakaanza kuja watu wazima wa aina nyingine: kichwa kinauma wiki tatu, homa kidogo au hakuna, shingo laini. VVU vilikuwa vimewala walinzi wa mwili, na mlango ukiwa hauna mlinzi huingia hata mnyonge. Kifua kikuu kiliingia. Kuvu, jamaa ya ukungu, ambayo wewe na mimi tunaivuta hewani bila kudhurika, iliingia mpaka kwenye utando wa ubongo.

Mmoja wao alikuwa Lusajo, mtoto wa Ambakisye mwenyewe, mashine yake ya kukoboa mpunga ipo Rujewa. Wiki tatu alimeza dawa za maumivu. Ndugu walinong'ona karogwa. Wengine walijua, wakaogopa kulitaja jina la ugonjwa. Nikasimama katikati ya sebule, mbele ya wakwe na wazee, nikasema: "Leo anapimwa maji ya mgongo na leo anapimwa VVU. Anayeona aibu aende akaseme na kinu."

Subilaga, mzee sasa, akacheka peke yake.

Maji ya Lusajo yalitoka maangavu kama ya chemchemi, na macho yangepumbazika. Lakini maabara walipoyatia wino mweusi, kuvu ilionekana chini ya hadubini, vidoa vyeupe vya duara. Alitibiwa miezi. Dawa za kufubaza virusi anazimeza mpaka leo, na mashine inanguruma.

Basi nisikilize, mwanangu. Kichwa kikikuuma kwa namna hujawahi kuumwa, pamoja na homa, kutapika, shingo kukaza, mwanga kuchoma au akili kuyumba, hospitali ni siku hiyohiyo. "Kawia ufike" ni methali ya safari, si ya ugonjwa huu. Sikio linalotoa usaha lisizibwe pamba na utani. Daktari akiomba maji ya mgongo, mpe. Jua hali yako ya VVU kabla ugonjwa haujakutangulia kukwambia, na ukiwa navyo, usiruke dawa hata siku moja, wala usidharau kichwa kinachouma polepole kwa sababu tu hakina homa. Na wewe uliyemwona mgonjwa, mwenye neno mdomoni, liseme. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha neno, humuumbua mtu mwingine asiye na kosa.

Mungu akupe shingo inayoinama kwa heshima na kinywa kisichoinama. Akulinde masikio, usikie wanaokupenda mpaka uzeeni. Na siku utakapotumwa neno la kuokoa mtu, usirudi na ungo.