Wageni wa Shangazi Mwajuma

Harufu ya dagaa wanaoanza kushika jua huwafanya wengine wazibe pua. Mimi hunichekesha. Nikipita asubuhi mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha dagaa, mara ni kama namwona tena shangazi yangu Mwajuma amesimama katikati ya dagaa wake, kanga imefungwa kiunoni, akiwafokea kunguru kwa sauti iliyofika mpaka sokoni Ujiji.

Ndiye aliyenilea. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa, na nusu ya kazi hiyo, jamani, ni kugombana na ndege. Basi fikirieni alivyompokea dada Neema, binti kutoka kijiji cha Kalinzi, aliyetujia na darubini shingoni akisema anahesabu ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukimaliza kuwahesabu, uondoke nao."

Dada Neema alicheka, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akatueleza. Hakuwa na haja na kunguru. Aliwataka vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu myembamba waliokuwa wakikimbiakimbia kwenye tope la kijito, pembeni mwa mwalo wetu. Wanazaliwa kaskazini ya mbali, wanavuka bahari na jangwa kila mwaka waje kula kwetu, kisha wanarudi. Sasa kamati ya mwalo ilitaka kulifukia tope lile kwa kifusi, ipate pa kupandishia mitumbwi. Mwenyekiti, Mzee Ramadhani, angekuja mwenyewe Jumamosi. Akiwaona hao wageni kwa macho yake, tope litaachwa. Asipowaona, malori yataingia.

Shangazi aligeuka kuwatazama wale topeni. Kisha akauliza taratibu, "Kadogo vile? Kanatoka huko kote kwa mabawa yake?"

Kilichofuata kingeweza kufanywa na mtu wa Ujiji tu. Mgeni ametoka safari, halafu unamtazama kwa darubini bila kumpa hata tonge? Ijumaa alfajiri shangazi alijaza ungo dagaa wake wazuri kuliko wote, akaenda kuwamwaga topeni. Walikuja kunguru wa Kigoma nzima, wakaja mwewe na yangeyange, wakaja hata mbwa. Kitwitwi hakuonekana hata mmoja.

Dada Neema alipofika alijishika kichwa. "Mama, hawa wanakula vijidudu vya humuhumu topeni. Wanachotaka ni kuachwa tu."

"Kuachwa!" alisema shangazi, kana kwamba ametukanwa.

Siku ile tuliokota dagaa mmoja mmoja, magoti yakizama topeni, yeye akijilaumu kwa sauti na mimi nikiomba Mungu ndege wasiwe wametususa moja kwa moja.

Jumamosi hakuanika. Aliwaacha dagaa wake ndani ya makarai, chini ya turubai kunguru wasiwaone, na jua zuri likipita bure. Alikwenda kwa mwanika dagaa mmoja baada ya mwingine akinong'ona, na ninyi mngemjua shangazi mngejua kunong'ona kulimgharimu kiasi gani. "Jamani, nasi tuna watoto walio safarini. Tuwanyamazie hawa." Wenzake walimwangalia kama mtu mwenye homa, lakini waliacha kazi. Spika ya kibanda cha chai ilizimwa. Boti moja iliyochelewa ikatokea ikinguruma, na shangazi akaingia majini mpaka magotini, akapunga kanga bila kutoa neno. Wavuvi wakazima injini, wakaja kwa makasia. Mwalo wetu haukuwahi kunyamaza hivyo. Nilisikia ziwa likigusa mchanga.

Ndipo wakaja. Kwanza wachache, kisha kundi zima likageuka hewani kwa pamoja, jeupe, halafu la kahawia, likatua. Tope likajaa miguu midogo. Mzee Ramadhani, aliyekuwa amefika na wajumbe wa kamati, alipokea darubini kwa uso wa mtu aliyekwisha kukata shauri, akaanza kuhesabu kwa midomo. Mjumbe mmoja akamuuliza habari za malori.

"Nyamaza, bwana! Unanipotezea hesabu!"

Wanawake walijiziba midomo kwa kanga, vigelegele vikiwasonga. Ndege waliporuka kwa hiari yao, vikatoka vyote kwa mpigo, nadhani hadi Kongo walivisikia. Nilirukaruka mpaka nikaangukia makarai. Tope lile halikufukiwa.

Siku hizi mimi ndiye ninayevaa darubini pale. Utotoni nilidhani siku ile tulimshinda mwenyekiti, na nilijigamba hivyo shuleni muhula mzima. Sikuelewa kilichokuwa kigumu hasa mpaka nami nilipopata watu wa kuwapikia. Shangazi alijua njia moja tu ya kupenda, nayo ni kulisha. Alinilisha mimi, akalisha majirani, akalisha hata watu aliogombana nao. Asubuhi ile wageni wake walitua mbele yake na njaa ya safari yote ile, naye akaificha mikono ndani ya kanga, akawaacha wale wenyewe. Wakala, wakashiba.