Ufa Niliouona Mimi

Nilipoiona ile bahasha nilitaka kuirusha dirishani na sarafu yake ndani. Miaka imepita na bado naikumbuka.

Mimi sikusoma. Gumbaru ya Tanga, darasa la watu wazima, ilinifikisha kwenye kuandika jina langu, mwalimu akahamishwa, basi. Lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. Kwa hilo, na kwa macho yangu ambayo uzee umeyasahau, yule mzee wa Doonside, mtaa wa huku ugenini tunakoishi, alinihitaji kuliko alivyopenda kukiri.

Alikuwa Mgoa, karani mstaafu wa reli ya Tanga, mjane, Kiswahili chake safi kuliko cha wajukuu zangu wanaonijibu Kiingereza. Binti yangu, nesi, ndiye aliyenipeleka. "Mama, kakae naye mchana. Macho yanamwisha, na wewe televisheni imekuchosha." Nikamkuta na masanduku ya nusu dola za Marekani, za madini ya fedha, za karibu miaka mia mbili. Upande mmoja mwanamke mwenye kofia, kazungukwa na nyota kumi na tatu; upande wa pili tai.

Nikamwambia zote naziona moja. Akacheka.

"Bibi wee, hawa ni watu! Hebu watazame vizuri."

Akanieleza kuwa mihuri ya chuma iliyopigia sarafu zile ilimaliziwa kwa mkono, nyota zikigongwa moja moja, ndiyo maana hakuna muhuri uliolingana na mwenzake. Muhuri ukichoka hupasuka, na ufa wake hutokea kwenye fedha kama mshipa uliovimba. Mkwaruzo huzama, ufa huinuka. Darasa lenyewe ndilo hilo. Baada ya miezi michache nikawa na lenzi jichoni namwambia huyu nyota yake imeinama, huyu tai wake kapasuka bawa, kisha namtafutia mwenzake kwenye kitabu cha picha.

Kila sarafu ililala ndani ya bahasha ndogo, na juu yake majina: nani aliigundua, ikaenda kwa nani, mpaka ikamfikia yeye. Kama nasaba. Alinisomea zote mara moja, alipokuwa bado anaona kidogo. Baadaye akawa ananiuliza mimi. "Bibi, huyu aliyefutika pua alitoka kwa nani?" Namtajia mmoja mmoja hadi wa mwanzo. Hapa siyataji, lakini ninayo yote.

Siku moja alirudi kutoka soko la Liverpool, Liverpool ya huku kwetu, na trei ya fedha chakavu, vijiko na mikufu iliyokatika. Chini kabisa nikaona nusu dola nyeusi. Ufa ulitoka nyota ya kwanza, ukapita kidevuni, ukaishia kofiani. Tukapekua kitabu mchana kutwa. Muhuri ulikuwamo. Ufa haukuwamo.

"Hii haijaonwa na mtu," akasema, kidole juu ya ufa.

"Nimeiona mimi."

"Ndiyo, ndiyo. Na wewe."

Wiki ya pili nikakuta bahasha mpya. Kusoma sijui, ila umbo la jina lake nalijua, kila bahasha liko mwisho. Hapa lilikuwa la kwanza, tena peke yake.

"Mzee, aliyeigundua umemwandika nani?"

"Trei ni yangu, Bibi."

"Sikuulizi trei ya nani."

"Wale wenzangu wa chama cha sarafu wataniuliza wewe ni nani. Niwaambie nini? Yaya?"

"Ungewaambia jina langu."

"Hawataliweza."

"Lako wameliweza, refu kama treni ya mizigo!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Yaya! Mwanamke niliyemsomea mapesa yake kwa macho yangu, nikamhifadhia ukoo wa kila kipande kichwani! Angesema amesahau ningemsamehe. Hakusahau. Alikaa na kalamu yake ya ukarani akanifuta, akijua siwezi kusoma alichoandika.

Sikuacha kwenda, maana binti yangu alikuwa ameahidi. Nilichemsha chai, nikafagia, nikakaa. Sarafu sikugusa.

"Bibi, huyu wa pua alitoka kwa nani?"

"Soma."

"Unajua sioni."

"Na mimi sijui kusoma. Tumelingana."

Siku ya kumi nilimkuta mezani, sarafu thelathini na kitu nje ya bahasha zao, anazipapasa kwa kidole gumba. Alitaka kuzitambua mwenyewe.

"Nimezichanganya," akasema.

"Naona."

"Zikipotezana na bahasha zao zinakuwa fedha ya kuyeyusha tu. Nisaidie."

"Kalamu iko wapi?"

Akachukua bahasha mpya ya ile sarafu yenye ufa, akaandika kwa herufi kubwa, pua imegusa karatasi. Nikaitazama. Jina langu nalijua. Lilikuwapo, ila mbele yake alikuwa ametangulia yeye.

"Nyingine," nikasema.

"Bibi, lakini..."

"Nyingine!"

Akaandika nyingine. Safari hii la kwanza likawa langu, lake chini, pale mwenye mali anapokaa. Ile ya zamani niliichana mwenyewe, vipande vipande, asikie. Ndipo nikavuta kiti.

"Bado una hasira?" akauliza.

"Ninayo. Leta lenzi."